Kuuza injini kuukuu za roketi za mfano kutoka Dar: kipi kinapita, kipi hakipiti

Kisiki_Ilala
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wanaojua mambo haya. Kuna kabati la vifaa vya sayansi linafungwa hapa Dar na vilivyomo vinatakiwa kuuzwa. Orodha yenyewe:

Injini za roketi za mfano za kampuni ya Estes, pakiti 11 zenye tatu tatu: A8-3 pakiti nne, B6-4 pakiti tatu, C6-5 pakiti mbili, B14-5 pakiti moja, na pakiti moja yenye maandishi ya ajabu "B.8-4". Jumla 33. Halafu kuna injini 7 zisizo na pakiti, inasemekana zilishatumika. Vikopo viwili vya alumini vya Jetex 50 (injini ndogo za roketi), vidonge vyake na waya wa kuwashia. Injini moja ya mafuta ya ndege za mfano, Cox 049. Mwisho, katalogi sita za Estes za miaka ya 60 na 70.

Wanunuzi wapo Marekani na Uingereza. Nipeleke kwa EMS, kargo ya ndege au meli? Na bei ipangwe vipi?

Mzigo_Salama
Mkuu Kisiki, kabla ya bei, kabla ya picha: usipeleke chochote posta kwanza. Orodha yako ina vitu vya aina mbili ambavyo havitakiwi kukaa boksi moja. Kuna vyenye baruti, na kuna visivyo na baruti. Vya kwanza haviondoki Dar kwa njia yoyote itakayokupa faida. Vya pili vinaondoka kesho ukitaka, na ndivyo vyenye pesa.

Kwanza weka mezani karatasi tatu. Moja iandike "hai", yaani yenye baruti, ya pili "tupu", ya tatu "sijui". Kila kipande kipewe namba kwa kalamu ya risasi kwenye kikaratasi pembeni, si juu ya kipande chenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ikipotea injini moja hai ndani ya boksi la katalogi, ni kosa la jinai uwanja wa ndege.

Kabati libaki mahali pakavu, mbali na jiko, na mtu asivute sigara humo. Injini usizihamishe kwa daladala wala bodaboda.

Mrusha_Roketi
Nianze na namna ya kuzisoma, maana bila kusoma kodi, yaani ile herufi na namba zilizochapwa ubavuni, huwezi kupanga hata bei.

Hizi ni injini za baruti nyeusi: chumvi ya shura, kiberiti cha unga na mkaa, vimeshindiliwa ndani ya bomba nene la karatasi. Estes ilianza Denver mwaka 1958, ikahamia Penrose, Colorado, mwaka 1961. Saizi ya kawaida ni kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 70. Chukua venia (kifaa cha kupimia vipenyo) upime, usikadirie kwa macho.

Kodi C6-5 inasomeka hivi. Herufi ni jumla ya nguvu: A inaishia nyutoni-sekunde 2.5, B inaishia 5, C 10, D 20. Kila herufi inakuwa mara mbili ya iliyotangulia. Namba ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, yaani 6. Namba baada ya mstari ni sekunde za kusubiri kabla baruti ndogo ya mbele haijafyatua parachuti. Ukikuta sifuri mwishoni, hiyo ni ya hatua ya chini, yaani kipande cha chini cha roketi yenye vipande zaidi ya kimoja, haina kusubiri. Ukikuta P, mbele imezibwa.

Maandishi ya "ajabu" ndiyo ya thamani zaidi kwenye orodha yako. B.8-4 ni mtindo wa kabla ya miaka ya mwisho ya 60, walipokuwa wanapima msukumo kwa pauni. Nukta nane ya pauni ni kama nyutoni 3.6. Kwa hiyo usiwaandikie wanunuzi "B8-4", ile nukta ndiyo inayotaja umri wake. Ukiidondosha kwenye tangazo umeuza kitu kingine.

B14-5 nayo inatafutwa. Baruti yake ina tundu refu katikati kuanzia nozeli (mdomo wa nyuma unaotoa moto), kwa hiyo moto unashika eneo kubwa kwa mara moja na msukumo wa mwanzo ni mkali. Ilishaacha kutengenezwa miaka mingi.

A8, B6 na C6 zinatengenezwa hadi leo. Injini peke yake haina upekee, ila pakiti ya zamani yenye maandishi safi inayo.

Rangi ya maandishi pia isome: kijani ni ya roketi ya hatua moja, zambarau ya hatua ya juu, nyekundu ya hatua ya chini.

Kisiki_Ilala
Asante sana mkuu. Sasa hizo 7 zisizo na pakiti nitajuaje kama kweli zilitumika?

Mrusha_Roketi
Njia mbili, na zote mbili zifanyike kwa kila moja.

Ya kwanza ni mwanga. Shika injini mlalo, nozeli ielekee dirishani, uchungulie upande wa mbele. Iliyotumika ni bomba tupu: ndani peusi kwa masizi, na mwisho kabisa unaona kitone cha mwanga kinachopita kwenye tundu la nozeli ya udongo. Injini hai mbele yake imezibwa na udongo wa kijivu au kikofia cha karatasi, huoni chochote. Usiingize waya, msumari wala bisibisi "kuhakikisha". Jicho linatosha.

Ya pili ni mizani. Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja inatosha. A8-3 hai ina kama gramu 16, B6-4 kama 20, C6-5 kama 25. Ganda tupu la saizi hiyo linacheza karibu na gramu 10. Kwenye C6, tofauti ya hai na tupu ni kubwa hadi mkono unaihisi. Kwenye A8 mkono unadanganya, maana baruti yake ni kama gramu 3 tu. Ndiyo maana nasema mizani.

Kipande kikikataa jaribio lolote kati ya mawili hayo, kinaenda kwenye karatasi ya "sijui", na "sijui" inahesabiwa hai.

Kijana_wa_Mbagala
Wakuu samahani, lakini tusitishane. Hizo ni roketi za watoto wa shule, baruti gramu chache. Si aandike tu "vipuri vya kuchezea" kwenye fomu na mzigo ufike?

Mzigo_Salama
Mdogo wangu, hapana, na nakueleza kwa nini hatua kwa hatua ili mtu mwingine asisome ushauri huo akaufuata.

Posta: Umoja wa Posta Duniani unakataza vilipuzi ndani ya barua na vifurushi vya kimataifa. Hakuna kiwango cha chini kinachosamehewa. Gramu 3 ni kilipuzi kama kilo 3. EMS ni posta hiyo hiyo.

Begi la abiria: injini za roketi za mfano haziruhusiwi kwenye begi la mkononi wala la chini.

Kargo ya ndege: hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu wamesoma kwamba vilipuzi vingine hupanda ndege. Ni kweli. Vilipuzi vya hatari ndogo vina makundi: 1.4S ndilo linaloweza kuingia hata ndege ya abiria, na 1.4C huenda kwa ndege ya mizigo tu. Lakini kundi hilo halichagui muuzaji. Mtengenezaji anapeleka bidhaa yake kupimwa, mamlaka ya nchi husika inaipa namba ya UN na kundi, na hati hiyo inaambatana na bidhaa pamoja na kifungashio kilichopimwa nayo. Injini ya mwaka 1966 iliyokaa kwenye kabati Dar haina hati hiyo. Huwezi kuazima namba ya injini mpya ukaibandika kwenye ya zamani kwa sababu zinafanana umbo. Bila hati ya uainishaji hakuna tamko la bidhaa hatari, na bila tamko lililosainiwa na mtu mwenye mafunzo yaliyo hai ya IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani), ambayo hurudiwa kila miezi 24, hakuna shirika litakalopokea.

Halafu kuna sheria ya nyumbani. Tanzania tuna Sheria ya Baruti, Sura ya 45. Kuhifadhi, kusafirisha, kuingiza na kutoa nchini kunahitaji vibali, na vibali vya baruti vinasimamiwa na Tume ya Madini. Hilo la anga linaangaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa hiyo hata ukimpata mnunuzi mwenye leseni kule, huku kwako bado hujatoka mlangoni.

Meli: kanuni za baharini zinaitambua baruti kama daraja la kwanza la bidhaa hatari, lenye nafasi yake na karatasi zake. Gharama ya kupeleka gramu 200 za baruti kwa taratibu hizo itameza thamani ya kabati zima.

Na kuandika "vipuri"? Kwenye skrini ya mashine ya uwanjani, mabomba 33 yaliyopangwa tatu tatu, kila moja na kizibo kizito upande mmoja, yanaonekana kama risasi. Boksi linafunguliwa, ndege inasubiri, jina na simu ya mtumaji viko juu ya fomu.

Kijana_wa_Mbagala
Nimekuelewa mkuu. Basi amuuzie mtu wa hapa hapa Dar azirushe, si zimekaa tu?

Mrusha_Roketi
Kumuuzia mtu wa hapa hakumwondoi kwenye Sura ya 45. Na kuzirusha ni hatari kuliko zinavyoonekana. Nieleze kilichomo ndani.

Baruti ile imeshindiliwa hadi ikawa kama jiwe, na inatakiwa ing'ang'anie ukuta wa karatasi pande zote. Moto unakula kutoka upande mmoja tu, kama mshumaa. Sasa weka injini hiyo chini ya bati la Dar. Mchana joto, baruti na karatasi vinatanuka kila kimoja kwa kiwango chake. Usiku vinapoa, vinanywea. Fanya hivyo mara elfu. Masika karatasi inavuta unyevu na kuvimba, kiangazi inakauka. Mwisho baruti inaachana na ukuta, au inapata ufa mwembamba kama unywele. Nje huoni chochote, bomba linang'aa kama jipya.

Ukiwasha, moto unaingia kwenye ufa ule na kuunguza eneo kubwa kwa mpigo. Presha inapanda kuliko tundu la nozeli linavyoweza kuipumulia. Inatokea moja kati ya tatu: nozeli ya udongo inatemwa nyuma, au moto unapenya mbele na kuchoma roketi yote, au bomba linapasuka ubavuni. Injini kubwa, D na kwenda juu, hupasuka zaidi. Lakini B14 yenye tundu katikati siiamini hata kidogo, maana ufa mdogo tu kwenye ukuta mwembamba wa baruti unatosha.

Chama cha Marekani cha roketi za mfano, NAR, kilichoundwa mwaka 1957, kina kanuni ya usalama inayotaka injini zilizothibitishwa tu na zisichokonolewe. B14-5 na B.8-4 uthibitisho wake umeshakwisha zamani.

Dada_Karatasi
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naona wote mnazungumzia baruti na mnazipita katalogi. Jamani, katalogi sita za Estes za miaka ya 60 na 70 ndizo mzigo rahisi kuliko yote hapo, na wapo watu wanakusanya karatasi tu. Vivyo hivyo vifungashio vya pakiti, vipeperushi vya maelekezo vilivyokunjwa ndani, hata risiti za zamani. Havina hatari, havihitaji kibali cha baruti, vinaingia bahasha.

Kisiki, angalia mambo manne kwenye kila katalogi kabla hujapiga picha. Pini za stepla zimeota kutu? Ziache. Ukizing'oa unapasua karatasi na mnunuzi anajua kitabu kimefunguliwa. Fomu ya kuagizia ya katikati ipo au ilikatwa? Hiyo inabadilisha bei sana. Kurasa zimegandana? Usitenganishe kwa mvuke. Harufu ya uvundo ipo? Itaje kwenye tangazo.

Kama kuna wadudu wa karatasi, tia katalogi kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, funga kabisa, weka friza wiki mbili. Ukitoa usifungue siku hiyo. Uache mfuko ukiwa umefungwa masaa 24 hadi upate joto la chumba, la sivyo umande wa Dar unaangukia karatasi.

Mrusha_Roketi
Dada, naomba nidakie hapo: katalogi zinaingia friza, injini haziingii friza kamwe. Baridi kali nayo inaweza kupasua baruti.

Dada_Karatasi
Kweli kabisa, asante kaka.

Kupakia: nunua Kariakoo kadibodi ngumu, kata vipande viwili vinavyozidi katalogi sentimita 3 kila upande. Katalogi ndani ya nailoni safi, kifuko kimoja cha silika (chembe za kunyonya unyevu), ibandike kwenye kadibodi ya chini kwa vipembe vya karatasi, si gundi ya selotepu juu ya nailoni inayoweza kuteleza. Funika kwa kadibodi ya pili, mistari yake ya ndani ikipita upande tofauti na ya kwanza, hapo hazikunjiki. Zungushia gundi ya karatasi kingo zote nne.

Posta Mpya watakupa fomu ya forodha, CN 22 kwa thamani ndogo au CN 23 ikizidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF). Andika kitu kilivyo: "Katalogi za zamani zilizochapwa, vipande 3". Usiandike neno roketi peke yake bila kueleza ni karatasi.

Kisiki_Ilala
Hii ni nzuri mno dada. Na vile vikopo vya Jetex? Navyo ni injini hai?

Mrusha_Roketi
Jetex ni habari tofauti, na ndiyo bahati yako. Ni kazi ya Wilmot, Mansour & Co. ya Southampton, ilitoka mwaka 1948, kwa hiyo Uingereza wapo wanaoitafuta kwa mapenzi. Tofauti na Estes, hapa injini ni kikopo cha alumini kinachotumika tena na tena. Mafuta yake ni kidonge cha naitreti ya guanidini kinachowekwa ndani, na waya mwembamba uliopakwa dawa unaokiwasha. Ukiondoa kidonge na waya, kinachobaki ni chuma tupu. Chuma tupu kinasafiri.

Fungua kifuniko kila kikopo. Kuna kibano cha springi kinachokishika. Kwenye hewa ya chumvi ya huku mara nyingi kinakuwa kimeshika kutu, kwa hiyo tia tone la mafuta laini, subiri nusu saa, kisha kisukume kwa kidole gumba, si kwa koleo. Kikivunjika umepoteza sehemu ambayo haina mbadala. Chungulia ndani. Kidonge kikiwa kimebaki, au kipande chake kimegandia chini, usikichokoe. Kinayeyuka majini: kitie kikopo chote kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, badilisha maji mara tatu kwa siku mbili. Halafu sugua kwa mswaki laini, suuza, kausha kwa kitambaa.

Tundu la nozeli ni dogo na mtu anatamani kulizibua kwa sindano. Usifanye. Sindano ya chuma inalipanua, na tundu likipanuka presha inashuka, injini haisukumi tena. Mnunuzi wa Jetex analipima. Tumia kijiti cha meno kilicholowa.

Using'arishe alumini. Rangi ile ya kijivu ya umri wanaitaka.

Vidonge na waya: haviendi popote. Wala usivitume "vichache tu kwa ajili ya picha". Kopo la vidonge likishakuwa tupu na limeoshwa, kopo lenyewe na lebo yake linauzika.

Dada_Karatasi
Kaka, kwenye seti za Jetex huwa kuna karatasi nyeupe laini ya kukinga moto isichome mbao. Hiyo ni asbesto. Kisiki ukiikuta usiipapase wala kuikunjua. Nyunyizia maji ilowe, tia mifuko miwili ya nailoni, funga, andika nje. Uingereza walipiga marufuku asbesto mwaka 1999, ikikutwa kwenye boksi mzigo mzima unasimama.

Fundi_Nyonyo
Habari wadau. Kwenye Cox 049 naomba nichangie. Namba 049 ni inchi za ujazo, 0.049, sawa na sentimita za ujazo 0.8. Ni injini ya pistoni ya ndege za mfano, haina baruti, kwa hiyo watu huidharau kwenye usafirishaji kisha inakataliwa kwa sababu ya harufu. Mafuta yake ni methanoli, naitromethani na mafuta ya nyonyo. Methanoli iliyobaki kwenye tangi ni kimiminika kinachowaka.

Ikiwa imekaa miaka, nyonyo inakuwa imegeuka gundi ya rangi ya asali iliyoungua na propela haizunguki. Usilazimishe. Ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, na kabla ya hapo tangi liwe limeachwa wazi hewani siku nzima. Ikipoa ilaze kwenye kopo la spiriti usiku kucha. Asubuhi zungusha kwa kidole, taratibu, mbele na nyuma. Ikilegea, rudia spiriti safi hadi itoke bila rangi.

Kama ni aina yenye tangi nyuma, kuna skrubu nne ndefu. Fungua, toa kifuniko cha tangi, panguza, acha wazi siku mbili hadi harufu iishe kabisa. Gasketi ikichanika itunze hivyo hivyo uitaje. Silinda usiishike kwa praisi, mapezi yale ni membamba na alama ya praisi haifutiki. Mwisho tone moja la mafuta laini ya cherehani, zungusha, funga.

Piga picha tangi likiwa wazi na kavu, ichapishe, iweke juu ya mzigo pamoja na barua fupi: injini ya mfano, imesafishwa, haina mafuta. Mkaguzi akiona picha hiyo anauliza maswali machache zaidi.

Kisiki_Ilala
Wakuu nimepima zile 7. Sita zinapitisha mwanga, uzito gramu 9 hadi 11. Moja ni gramu 16, mwanga haupiti, lakini nozeli ina masizi meusi kabisa kama iliyotumika. Imeandikwa A8-3.

Mrusha_Roketi
Hiyo ni hai. Kiwashio kiliungua bila kushika baruti, kikaacha masizi mdomoni, mtu akaichanganya na zilizotumika. Gramu 16 ndiyo uzito wa A8-3 kamili. Ipeleke kwenye karatasi ya kwanza, sasa unazo 34. Chungulia kama kuna kipande cha waya kimebaki ndani ya nozeli. Kikiwepo kiache kilivyo, usikivute.

Na viwashio vilivyomo kwenye pakiti vitenge. Waya mtupu wa nikromu si hatari, lakini wenye ncha iliyochovywa dawa uhesabu kama baruti.

Kijana_wa_Mbagala
Sasa hizo 34 afanye nini? Akae nazo milele?

Mzigo_Salama
Aripoti. Kwa Dar aanze kwa Afisa Madini Mkazi, kwa barua ya ukurasa mmoja: idadi, aina, kodi, picha, zilipo, na kwamba anaomba maelekezo ya kuziteketeza. Baruti yote kwa ujumla ni kama gramu 200, haifiki robo kilo, kwa hiyo barua iseme hivyo wazi ili wasidhani ni stoo ya machimbo. Asizibebe kupeleka ofisini. Abebe barua na picha.

Mrusha_Roketi
Njia anayoelekeza mtengenezaji mwenyewe kwa injini za karatasi ni maji. Ukishapata ruhusa: ndoo ya plastiki, maji yazidi injini kwa kiganja kizima, uzito juu ili zisielee. Acha hadi karatasi ifunguke yenyewe na ile baruti iwe tope. Siku mbili au tatu. Usizikate kuharakisha. Tope lile lisianikwe wala kukaushwa, maana baruti ikikauka inaweza kuwaka tena. Litupwe likiwa bado limelowa. Maji yamwagwe chooni, na ndoo ifunikwe muda wote: shura ni chumvi, mbuzi wanapenda ladha yake na inawaua.

Njia hii ni ya baruti nyeusi tu. Mtu mwingine akisoma uzi huu na ana Enerjet za Centuri, zile ni za mchanganyiko wa plastiki na pakloreti, maji hayazivunji hivi. Hizo asiziguse, aripoti.

Kisiki_Ilala
Inauma kulowesha B.8-4 mkuu. Haiwezekani kutoa baruti nikabaki na bomba zuri la kuuza?

Mrusha_Roketi
Nakuelewa, na inauma kweli. Lakini kuitoa ni kuitoboa au kuikwangua, na msuguano ndani ya baruti iliyoshindiliwa ndiyo namna watu wanavyopoteza vidole. Hakuna kifaa cha nyumbani cha kazi hiyo.

Fanya hivi badala yake. Kabla ya ndoo, piga picha kila injini hai: ubavu wenye kodi, ubavu wenye tarehe iliyogongwa, nozeli, mbele, rula pembeni, mwanga wa dirishani bila flashi. Toa pakiti kwa uangalifu, fungua upande wa chini tu ili uso wenye maandishi ubaki mzima. Pakiti ya B.8-4 na kipeperushi chake pamoja na picha hizo ni seti moja. Mkusanyaji makini anainunua kwa furaha, kwa sababu mara nyingi injini ndizo zilibaki na karatasi zikatupwa. Andika wazi kwenye tangazo: pakiti tupu, injini ziliteketezwa. Mtu akikuomba "ziache humo humo", mkatalie.

Mzigo_Salama
Yale maganda sita yaliyotumika nayo yana tahadhari yake. Hayana baruti, lakini masizi yake yana mabaki, na uwanjani wanapangusa boksi kwa kitambaa cha kunusa vilipuzi. Ukiyatuma, tia kila ganda mfuko wake, kisha yote kwenye mfuko wa pili. Nawa mikono kabla ya kugusa boksi la nje, na boksi liwe jipya, lisiwe limekaa kabatini humo. Yasiwe mzigo mmoja na katalogi. Yakikamatwa yasikamate na karatasi zako. Mimi binafsi ningeyauza hapa hapa kwa mwalimu wa fizikia anayetaka kuonyesha darasa nozeli ilivyo.

Dada_Karatasi
Kuhusu bei, Kisiki, usiige bei wanayoomba wauzaji. Tafuta zilizokwisha kuuzwa, linganisha hali na mwaka, ndipo uweke yako. Uza katalogi moja moja, Jetex kikopo na kopo la lebo pamoja, Cox peke yake. Gharama ya kutuma iulize Posta ukiwa na mzigo uliokwisha kufungwa na kupimwa, maana kadibodi na gundi vinaongeza gramu 150 hadi 200 ambazo watu husahau. Pesa ionekane kwenye akaunti ndipo mzigo uondoke.

Kisiki_Ilala
Wakuu, dada, nashukuru sana. Barua ya Afisa Madini naiandika leo. Swali la mwisho: kifuko cha silika kwenye Jetex nacho kinahitajika?

Mrusha_Roketi
Kinahitajika, kwa ajili ya kile kibano cha springi. Kimoja ndani ya kikopo, kifuniko kisifungwe kwa nguvu, na kingine nje kwenye boksi. Kibano kipakwe mafuta membamba kabla ya kufunga.